Kichwa Jumatano, Nyayo Alhamisi

Bi Mize wa Kengeja alikuja na chupa ya kombe,
zafarani imekolea, marashi yanapiga pua,
akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa leba
akamwambia mkaza mwanawe:
"Bana, Raya. Bana hata magharibi."

Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano.
Tangu alfajiri nusu ya Mkoani imeshaoga pwani,
watoto wanapita na chumvi nyusini,
fundi kaacha paa la jirani wazi hadi kesho,
na Bikombo, mfagizi wetu, hataki kushika mkasi,
kaniachia mimi bandeji zote.

Nikasema: mtoto hana kalenda, bibi.
Akanitazama
kama atazamwavyo kuku jike aliyewika.

Miaka ishirini na moja naandika daftari hili.
"Mtie Ijumaa, muuguzi, zimepungua dakika tu."
"Usimwandike leo, mwezi umo katika nge."
Kuna aliyekuja na soda, kuna aliyekuja na jogoo.

Daktari wetu wa Kichina, mpasuaji wa mkono usiotetemeka,
hamlazi mgonjwa wake kitanda nambari nne;
kwao, anasema, nne na kifo
hutoka kinywani kama ndugu wa tumbo moja.
Jayanti wa duka la misumari hapokei chuma Jumamosi:
mabati yake yalinyeshewa bandarini usiku kucha
akiyatazama kwa dirisha, mwavuli mkononi.
Na yule Mzungu wa kupima visima
alicheka habari za nge mpaka akatoka machozi,
kisha akaenda kubadilisha tiketi ya boti.
Ilikuwa ya Ijumaa, tarehe kumi na tatu.

Sikumcheka. Nimcheke nina nini?
Shaame wangu alisafiri siku iliyopigiwa falaki,
siku nyeupe, haina hata doa,
Jumatatu ya mwezi mchanga, saa ya Mushtari.
Mwalimu alilipwa. Ubani ulifukizwa.
Nikamfungia mikate ya kumimina kwenye kanga mpya.
Mpaka leo ile siku ni nzuri.
Yeye ndiye hakurudi.

Saa kumi na mbili na nusu Raya akashindwa kubana.
Kichwa kikatoka.
Nje, spika ya msikiti ikakohoa,
mwadhini akavuta pumzi,
bega moja,
Allahu Akbar,
bega la pili,
na nyayo zikateleza mikononi mwangu
zikiwa na siku nyingine.

"Alhamisi!" akaruka Bi Mize, ndoo ikabiringika.
"Jua limezama! Huu usiku wa Alhamisi!"
Vigelegele vikafika wodi ya wanaume.

Daftari la serikali halijui magharibi.
Siku yake hugeuka saa sita za usiku,
watu wamelala, hakuna anayeona kitu kikigeuka.
Siku zetu hufa mbele ya macho,
twaziona zikiwa nyekundu,
labda ndiyo maana twaziogopa.

Kwenye tarehe nikaandika ya serikali.
Kwenye maelezo, mahali pa uzito na kilio,
nikaandika: kilo tatu na robo, amelia sana,
kichwa Jumatano, nyayo Alhamisi.
Mkaguzi akija atauliza. Na aulize.

Bi Mize akanipa kombe lililobaki.
"Kunywa na wewe. Una siku yako mahali, naiona."
Nimesomea kazi hii, nina vyeti ukutani.
Nikanywa.
Lilikuwa vuguvugu, lina ladha ya sahani.

Kisha nikaenda kutandika kitanda nambari nne,
vingine vyote vimejaa.
Mchina alikuwa keshaondoka zamu.
Bi Mize akamlaza mjukuu, akamfunika, hakuuliza nambari.
Kwake yeye nne ni nne tu:
tatu imekwisha, tano haijafika.