Damu ya Deni

Ng'ombe wa Bi Mwanasiti anaitwa Deni
kwa sababu alinunuliwa kwa mkopo wa kikundi
na bado marejesho matano.
Leo alfajiri Deni kakojoa choya.
Si neno langu, ni la mjukuu, Mhina, kwenye simu:
"Daktari, ni kama ile juisi, ila ina povu."

Pikipiki kutoka Muheza mjini hadi Mkuzi,
sanduku la barafu mgongoni, michungwa kushoto na kulia.
Nilimkuta amesimama, lakini hayupo.
Nikafunua mdomo: ufizi mweupe kama nyama ya dafu.
Nikafunua kope: vilevile.
Moyo unagonga mbavu kama mtu aliyefungiwa nje mvuani.
Na chini ya mkia kupe,
wameshiba, wametulia kama wenye nyumba.

Hadubini yangu hutumia jua; umeme siungoji.
Tone moja kwenye kioo, na hizo hapo,
chembe nyekundu, visahani visivyo na kiini.
Kuku hubaki na kiini chake,
ya ngamia ina umbo la yai,
ila ya ng'ombe hukitupa kiini mlangoni mwa uboho
ipate nafasi ya kubeba hewa zaidi.
(Huwa nawaza sana juu ya hili:
kuacha akili nyumbani ili mzigo utoshe.)
Siku mia na hamsini hivi itazunguka,
pafu hadi kwato, kwato hadi pafu,
mpaka bandama iipokee, iivunje,
na chuma chake kirudi ghalani.

Za Deni hazikufikia uzee.
Ndani wamo wapangaji, wawili wawili,
wameungana ncha kama mbegu za tikiti.
Wakishazaana hupasua ukuta wakahamia jirani,
na ile rangi yote
inashuka figoni, inamwagwa chini ya mchungwa.

Nikazungusha mrija kwa mkono: kumi kwa mia.
Ng'ombe mzima ana thelathini.
Dawa ninayo, ile ya manjano.
Itafukuza wapangaji, haitajenga nyumba.
Uboho huchukua siku nne, tano, kuamka.
Deni hana siku nne.

Mwenye dume zima ni Sekiondo.
Hawasemeshani tangu masika ya mwaka juzi,
mpaka wa shamba, michungwa mitatu.
Bi Mwanasiti alikaza khanga kiunoni akaenda mwenyewe.
Niliona kamba, kisha dume, kisha Sekiondo:
"Damu nitatoa. Michungwa ni yangu."
"Leta damu," akasema bibi. "Michungwa tutaiona."

Nilichanganya matone ya wote wawili, nikangoja.
Hayakugandana.
Lita nne, chupa baada ya chupa,
Mhina akizitikisa polepole
kama anayebembeleza mtoto wa wenyewe.
Hadi adhuhuri zilikuwa zinashuka.
Deni akapiga chafya.
Akatazama ndoo ya maji. Hakunywa.
Akatazama tena.

Siku ya kumi nikarudi na kioo changu.
Ufizi umeanza uwaridi.
Na kwenye tone, wageni: chembe changa,
kubwa kuliko nyingine, buluu kidogo,
baadhi zina madoa ya wino
kama watoto wa darasa la kwanza waliotoka bila kunawa.
Figo ziliandika barua,
uboho umejibu upesi, kwa mwandiko mbaya.

Bi Mwanasiti alikuwa anakamua, kikombe hakijajaa.
"Ile ya Sekiondo bado imo?"
Nikamwambia ya kuazima haikai,
huenda imeshakwisha,
zilizomo sasa ni za Deni mwenyewe.
Maziwa yakapiga bati, mara mbili, mara tatu.
"Usimwambie," akasema.