Alidaka?

Nyumba ya mama, hapa Duluth, ilijengwa na watu
walioiogopa baridi kuliko walivyomwogopa Mungu:
plasta juu ya wavu wa chuma, wavu juu ya mbao,
na nyuma ya mbao magazeti ya Kifini
yaliyoshindiliwa kuziba upepo.
Wai-Fai hufika sebuleni, ikaishia hapo,
mgeni aliyevua viatu na kukosa wa kumkaribisha.

Jikoni, mama anamtazama Linnea, mjukuu wake,
golikipa wa hoki, huko Winnipeg.
Linnea anapiga goti, glavu juu,
kisahani cheusi kiko hewani,
kisha duara.
Duara linazunguka, linazunguka,
na picha ikirudi wenzake wamemkumbatia
au wanamfariji, huwezi kujua.
"Alidaka?"
Huniuliza mimi kila mara,
kana kwamba jibu nimelificha mfukoni.

Alikuja fundi wa kampuni, kijana mpole,
akasema tutoboe kuta saba.
Mama alimpa kahawa, kisha akamwonyesha mlango.

Kipya kinyemi, lakini nyumba hii ina siri ya zamani.
Mwaka themanini na saba baba,
mpakiaji kwenye gati la madini ya chuma,
alirudi na roli la kebo, zito kama ndama.
Wiki mbili akatambaa darini na taa kichwani,
akitema vumbi, akilaani kwa lugha mbili,
hadi kila chumba kikawa na tundu lake.
Hata sauna.
Mama hakumsemesha siku tatu.

Baba alipokwenda, mama akakata ile huduma ya runinga.
Midomo ya shaba ikabaki ukutani,
imepakwa rangi mara nne, haina la kusema.

Nimenunua visanduku vitatu,
kila kimoja sawa na pakiti ya majani ya chai.
Kimoja nikakifunga kando ya ruta, kingine jikoni.
Nikakwangua rangi kwa kisu cha siagi,
nikakaza kwa vidole, kisha kwa spana namba kumi na moja.
Nikangoja taa.
Taa ikakataa.

Nikashuka chini, kwenye tanuri la gesi na mitungi ya matunda,
nikakikuta kigawanyi cha baba kimeota kutu,
masikio yake yamezoea sauti nzito za zamani,
hizi nyembamba za juu hayazisikii.
Nikakitoa. Nikaweka kipya.
Pale waya unapoingia kutoka barabarani
nikakaza kizuizi kidogo kama kidole,
ya kwetu yasivuje hadi kwa akina Bergstrom.

Ndipo nikaona, kwenye boriti, penseli yake:
JIKONI. WATOTO. CHUMBANI.
Na pembeni, kwa herufi ndogo za mtu mwenye hatia:
sauna, Aili asijue.

Nilisimama pale muda.
Nilisahau nilikuwa nimeshuka kufanya nini.

Juu, taa ilikuwa kijani.

Jumamosi, kipindi cha tatu, moja kwa moja.
Linnea anapiga goti, glavu juu,
kisahani kiko hewani.
Picha haikukata. Haikusita hata kidogo.
Waya wa baba uliileta nzima, kama ilivyokuwa,
nasi tukaona vizuri kabisa
kisahani kikipita chini ya kiwiko chake
na kutulia wavuni.

Mama hakuniuliza kitu.
Akakoroga kahawa iliyokwisha koroganika.
"Kiwiko," akasema, "hata babu yake alikuwa hivyo.
Hakujua kukibana."

Kisanduku cha tatu kiko juu ya friji.
Hatujakizungumzia.
Ila jana usiku nilisikia kishindo chini,
nikamkuta na joho la kuogea, miwani kwenye ncha ya pua,
bisibisi mkononi,
anabandua mkanda mweusi
kwenye tundu la sauna.