Unasikia Nini?

Wengine wikendi hii wameteremka Naivasha.
Sisi tulipanda Subukia
kwa gari la kuazima, mlango wake wa nyuma
haufunguki ila kwa nje,
basi kila tukisimama Kimosop hushuka kwanza,
azunguke, amfungulie mamake
kama anayemshusha waziri.

Kwenye kibao cha ikweta watoto walitaka
mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini.
Yator akashika tumbo, akauliza
soda yake sasa iko upande gani.

Hatukujua kuna zabibu huku.
Tulijua mahindi, tulijua kahawa,
tulijua kilima cha mahujaji na vidumu vyao vya maji.
Kumbe nyuma ya mikaratusi kuna mistari na mistari,
mizabibu imetandazwa kwenye waya kama nguo za kuanika,
na makopo matupu yananing'inia
yakigongana kuwafukuza ndege
ambao wameshayazoea.

Wamaitha, aproni kiunoni, kalamu sikioni,
alitupangia glasi juu ya pipa.
"Zungusha. Nusa. Onja. Halafu tema."
Akaonyesha ndoo.
Kogo aliitazama ndoo, akamtazama binti wa watu:
"Nimeamka saa kumi nije kutema?"
Akameza,
akapangusa mdomo kwa ncha ya leso,
akasogeza glasi iongezwe.

"Mtasikia beri nyeusi," alisema Wamaitha.
"Mtasikia mwaloni. Na kwa mbali, plamu."

Tukasikiliza.
Lugha yetu imeupa ulimi masikio,
imeipa na pua.
Lakini mwaloni mimi sijawahi kuuona,
na beri nyeusi naijua kwa picha ya kopo la jemu.
Nikafumba macho, nikasema polepole:
zambarau.
Zile za nyuma ya kanisa, Butere,
tulizokana kwa kiapo kwamba hatujaziiba
huku ndimi zetu zikitusaliti.

Wamaitha akachomoa kalamu, akaandika.

Kimosop ameokoka, hanywi.
Alinusa tu (kunusa si dhambi, alisema,
akitazama pembeni kama kuna mzee wa kanisa).
"Viatu vipya," akasema. "Januari.
Kabla hujavitoa kwenye boksi."

Kogo alikuwa bado kimya.
Alikuwa amekizungushia kile kinywaji ufizi wote,
pale penye meno na pale pasipo na meno.
"Mmechoma mti gani ndani ya hii?"

Wamaitha akacheka, kisha hakucheka.
Akasema ni kweli, pipa huchomwa kwa ndani
kabla ya kutiwa chochote.
"Umejuaje?"
Kogo akashangaa kuulizwa.
Miaka hamsini ameosha vibuyu kwa kaa la moto,
akijua moshi wa kuzidi na moshi wa kupungua,
maziwa ya nani yatalala vizuri.
"Mlizidisha," akasema. "Kidogo tu."
Lile neno halikuandikwa.
Lilipelekwa mbio hadi kwa mwenye shamba.

Watoto tuliwapata mwisho wa mstari wa tisa,
mashavu yamejaa,
Jebiwott akitema mbegu kwa ustadi
ambao sisi kwenye ndoo hatukuufikia.

Tulinunua chupa moja.
Bei sitaitaja; Kimosop alihesabu
mifuko ya saruji njia nzima hadi Lanet.

Ikakaa juu ya kabati tangu Agosti hadi Desemba,
ikingoja mgeni wa hadhi yake.
Kisha usiku mmoja stima ikapotea,
mvua ikipiga mabati, Kogo hana usingizi.
Kifungulio hatuna.
Tukaazima parafujo na koleo kwa fundi Oguttu,
kizibo kikavunjika, kikazama vipande vipande,
tukachuja kwa chujio la chai,
tukanywa kwa vikombe vya bati, yeye na mimi,
mshumaa mmoja katikati.

"Unasikia nini?" nikamuuliza.

Akaonja. Akangoja.
"Majani ya chai," akasema.
Na ilikuwa kweli.