Daftari la Mtia Vioo

Mimi ni mtia vioo. Sikuwahi kukata tiketi.
Besiboli niliijua kwa mlio:
kwanza ko! ya gongo, kavu, kama mlango wa kanisa ukijibamiza,
kisha kimya, moja, mbili, tatu, nne,
kisha chwaa! upande wetu wa ukuta,
nami nikavuta viatu kutoka uvunguni.

Baudelio Treviño alikuja na miaka kumi na tisa,
mtoto wa mchochea tanuri wa kiwanda cha chuma,
shingo pana, mapaja magunia ya saruji,
akiona haya mbele ya wasichana wa duka la mikate.
Dirisha la duka hilo ndilo lililotangulia.
Aprili. Vigae vya kioo ndani ya unga,
na Bi Eduviges akipiga ishara ya msalaba
na kutukana, kwa pumzi moja.
Timu ililipa. Nikapima, nikakata, nikaziba kwa puti.

Mwaka ule madirisha tisa.
Uliofuata kumi na manne, na kioo cha mbele cha gari la padri.
Wengine walimhesabu magazetini;
mimi kwenye daftari la madeni, kwa sentimita.
Binti yangu Nereida kasomea ukunga,
na nusu ya ada ilitoka kwenye bega la kushoto la Baudelio.

Alipokosa, alikosa kwa nguvu zote.
Kinyozi Lázaro, aliyekuwa na kiti chake pale,
alisema gongo likipita patupu
kofia za mstari wa mbele zilicheza.
Mara tatu patupu, akarudi benchi, uwanja ukaguna.
Usiku wa namna hiyo nililala mapema
na asubuhi mke wangu alihesabu sarafu bila kuniangalia.

Halafu kaskazini wakamwita, ng'ambo ya mto, ligi kubwa.
Siku kumi na moja.
Tulijazana kwa Lázaro, redio juu ya rafu ya poda.
Kule walimrushia mpira unaopinda,
ule unaotoka mkononi ukiwa ahadi
na kufika ukiwa deni.
Mara moja tu aliupata. Mtangazaji akapaza sauti: unakwenda, unakwenda!
Lázaro akamkata mteja sikio kidogo.
Mimi nilikuwa nawaza: huko nyuma ya ukuta
kuna dirisha la nani?

Siku ya kumi na mbili akashuka basini na begi lilelile.
Jumamosi akavunja dirisha la posta.
Kioo kile niliwauzia kwa bei niliyonunulia.

Miaka ikaenda. Goti, kisha goti la pili, kisha mgongo.
Nilijua kabla ya kocha.
Ko ilikuwa imelowa, kama gongo limevikwa soksi.
Nilihesabu nne, nikahesabu tano, sita,
mkono tayari kwenye kiatu,
na kutoka uwanjani kikaja kile kicheko cha wageni:
mpira umeishia mkononi mwa mdakaji,
mgongo wake ukiugusa ukuta, lakini umeishia.
Msimu wa mwisho, madirisha mawili.
La pili lilikuwa na ufa tangu zamani. Sikusema.

Novemba akaja dukani, anachechemea,
anataka kioo cha jikoni, sitini kwa tisini.
Nikamwambia ashike upande mmoja.
Akaficha mikono mifukoni.
"Don Crispín, mimi na hiki kitu..."
Tulicheka hadi mke wangu akatoka kuchungulia.
Kisha akakishika kwa ncha za vidole,
akarudi kinyumenyume hadi garini,
hatua za mtu anayebeba supu.

Akauliza nilikuwa na ngapi daftarini.
"Mia moja na kumi na mbili."
"Magazeti yanasema mia nne na sita."
"Nyingine ulizipigia ugenini," nikamwambia,
"nyingine ziliangukia nyasini.
Hizo sikulipwa."