Msumeno wa Karatasi

Gereji yetu ya Mabatini haijawahi kulaza gari.
Aliyeijenga alipima kwa hamu,
kisha jiwe likamkatalia:
jiwe la mlimani, kubwa kuliko deni,
limeingia ndani kwa bega moja
na hakuna nyundo iliyowahi kulishawishi.
Futi tisa kwa kumi na moja. Toa jiwe.
Toa cherehani ya Milembe na meza yake ya kukatia,
toa pikipiki inayoingia magharibi na kutoka alfajiri,
toa ndoo za maji, maana bomba letu lina siku zake.
Kinachobaki ndicho ninachokiita karakana.

Miaka sita nimepasua kwa mkono.
Bega la kulia limekuwa la mtu mwingine,
mzee kidogo kuliko mimi.
Sasa kuna oda: makabati ya jikoni, nyumba mbili, Buhongwa,
na mwenye nyumba hapendi kusikia neno kesho.

Nikaazima chaki ya Milembe, ile bapa, ya bluu,
nikachora sakafuni mashine niliyoiona Nyakato:
chuma cha kumwaga, miguu minne, tumbo la ng'ombe.
Siku tatu tukaishi nayo.
Milembe akiruka mstari na kikombe cha uji,
Lugoye akiugeuza goli,
usiku mimi nikiegesha pikipiki juu ya meno yake.
Siku ya nne Milembe akadeki. Wala hakuuliza.

Nikachora nyingine, ndogo. Nikajipongeza.
Akaja na ubao wangu wa futi nane,
akausukuma juu ya chaki, taratibu,
kama anayelisha kitambaa kwenye sindano.
Ukagonga jiwe kabla ya nusu.
"Hujaipima ikila," akasema.
"Umeipima imelala."

Kweli. Msumeno wenyewe hauombi makubwa;
ubao ndio mgeni mwenye mizigo,
unataka njia ya kuingilia na njia ya kutokea.

Usiku ule umeme ulikatika.
Kwa taa ya sola akatandaza karatasi ya kaki,
ile ya kukatia vielelezo vya magauni,
akakata meza, akakata miguu,
akatia mkunjo nyongani kama marinda.
Nilicheka. Kisha nikanyamaza,
maana msumeno wa karatasi ulisimama,
ukakunjika, ukajibanza kati ya jiwe na ukuta,
kwenye pengo la inchi kumi na nne
tulilokuwa tumewaachia panya.
Ukifunguliwa, unakaa mlangoni kabisa,
uso kichochoroni,
ubao uanzie ndani umalizikie nje
juu ya vigoda viwili, kwa ruhusa ya Bhoke na kuku wake,
na unga wa mbao uchukuliwe na upepo wa ziwani
usije kulala kwenye satini za watu.

Jumamosi tukashuka Makoroboi,
kaki imekunjwa mkobani.
Duka la kwanza, muuzaji akasifu nguvu za farasi.
La pili, akasifu nchi ilikotoka.
Milembe hakujibu. Alitoa karatasi,
akazivalisha mashine moja baada ya moja:
hii inabana kiunoni,
hii miguu imechomelewa, haikunjiki,
hii magurudumu ya plastiki, kwa changarawe zetu
hayafiki masika.
Kazi yangu mimi ilikuwa kuulizia kile kisu kidogo
kinachokaa nyuma ya meno
ili ubao usibane ukarudi kifuani.
Wawili walisema huwa wanakitoa, kinasumbua.
Wa tatu, kijana anaitwa Magesa,
alikitafuta chini ya kaunta,
akakipangusa kwa shati, akakifunga mwenyewe.
Kwake tulilipa. Nusu.
Nusu nyingine kabati la kwanza likitoka.

Leo usiku imesimama pale, kati ya jiwe na ukuta,
magoti imeyakunja.
Ile karatasi nimeibandika juu yake.
Milembe anasema niibandue, anaidai:
kaki ile bado inatosha
mikono miwili ya gauni.