Fungate ya Kambare

Nilimtoa kwa Taibali Jumatatu, ndani ya mfuko wa nailoni:
kambare mdogo, urefu wa kidole cha shahada,
madoa ubavuni kama wino uliodondoka,
sharubu nne zikipapasa maji
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
"Huyu ana haya, mama," Taibali akasema. "Usimharakishe."
Akanipunguzia shilingi hamsini, kwa ajili ya haya hiyo.

Nyumbani, ghorofa ya tatu, hapa Guraya,
sikummwaga tu. Asiyejua humwaga.
Niliuacha mfuko uelee juu ya tangi
muda wa kuchemsha chai na kuisahau,
joto la ndani lisalimiane na la nje.
Kisha nikamtilia maji ya tangi, kikombe kimoja cha kahawa. Nikasubiri.
Kingine. Nikasubiri.
Maji yenyewe ni ya mkokoteni, mtungi wa lita ishirini,
yamelala wazi kwenye beseni usiku kucha yatoe dawa.
Ya bomba letu yana chumvi, ni ya kuoshea ngazi.
Taa nilizima.

Akateremka kama sarafu, akaingia nyuma ya kifuu cha nazi,
na habari yake ikaishia hapo.

Mle ndani mna wenyeji: gapi kumi na moja, wambeya wote,
na Shababi, wa rangi ya embe bivu,
anayejiona ndiye anayelipa kodi.
Alipomwona mgeni tu, kampiga kumbo.
Nikatia mkono mpaka kiwiko,
nikahamisha jiwe, nikapindua gae la chungu,
majani nikayapeleka kona ya pili,
kila mmoja apotee nyumbani kwake.
Shababi alizunguka siku nzima akitafuta baraza yake.
Aliyepotea hana wasaa wa kumfukuza mtu.

Mwanaidi wa chini akapanda kuazima sindano, akachungulia.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."
Nikamwambia huyu bado yuko fungate.
Alicheka mpaka leso ikamvuka.
"Na bwana harusi ni nani, lile gae?"

Siku ya tatu. Ya nne. Usiku nikishazima taa
namdondoshea punje yake, ile inayozama,
wengine nimewashughulisha upande wa pili.
Asubuhi naikuta imevimba, nyeupe, haijaguswa.
Naitoa kwa kijiko.
Nikaanza kusema naye, naona haya kukiri,
kwa sauti niliyomsemesha Lali
siku za mwanzo za chuoni, alipokumbatia nguzo ya mlango.

Siku ya sita stima zikapotea mtaa mzima.
Pampu ikanyamaza. Nikashika kopo,
nachota namimina, nachota namimina, maji yapate pumzi.
Cherehani nayo imekufa katikati ya mshono,
buibui la Thureya, la harusi ya Ijumaa, pindo lote bado.
Nikawasha mshumaa, nikashona kwa mkono.
Kimya.
Hata friji ya jirani ilikuwa imefunga mdomo.

Ndipo sharubu moja ikachomoza kifuuni.
Halafu ya pili. Halafu pua nzima,
akaja akifagia mchanga, taratibu,
kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti,
akaikuta punje, akala.
Nilimsikia akitafuna. Wallahi haiwezekani, na nilimsikia.

Nikaitazama meza.
Tangi huku, cherehani huku, mbao moja.
Siku sita namlaumu Shababi
na tetemeko ni langu.

Sasa nashonea jikoni.
Thureya amelalamika buibui linanuka bizari.
Jumatatu narudi kwa Taibali, anipe watatu wa kabila lake,
maana kambare wa peke yake atamwonyesha nani sharubu?
Watu husema kwa ubaya: nyumba ya kambare,
baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu.
Mimi naitaka hiyo hiyo.