Mwezi wa Ufizi

Daktari Oropeza alisema: siku thelathini.
Akang'oa yale sita yaliyosalia,
akayafunga kwenye karatasi kama njugu,
akasema, rudi mwezi ukiisha, Don Eleuterio,
kinywa kipone kwanza.
Basi nikakaa Jiji la Meksiko,
chumba cha uani kwa mpwa wangu Yadira,
kibogoyo katika mji unaotafuna usiku na mchana.

Alfajiri hupita baiskeli ya tamali na kipaza sauti,
sauti ileile ya kijana mmoja, iliyorekodiwa, ya puani,
inayavuta majina kama mpira.
Nashuka na kandambili.
Unga wa mahindi uliochemshwa ndani ya jani la mgomba,
laini; waweza kumlisha mtoto wa miezi sita,
waweza kunilisha mimi.
Wiki nzima ya kwanza: tamali, uji wa chokoleti,
supu ya maharage, parachichi kwa kijiko.
Ngozi ya nguruwe iliyokaangwa niliinunua tu
niisikie ikivunjika mikononi.

Yadira huniandikia: nyanya kilo mbili,
giligilani, betri ndogo nne,
usikubali bei ya kwanza.
Lakini kupatana bei kunataka meno.
Ukisema "hamsini" bila ya mbele
unatoka upepo, muuza nyanya anakuonea huruma,
na huruma, nimegundua, hupunguza peso kumi.

Jumapili, soko la mitumba la Portales:
redio zisizo na matumbo, mwanasesere wa jicho moja,
kilo nzima ya funguo za milango isiyojulikana,
na kwenye sinia la bati, juu ya kitambaa chekundu,
meno ya bandia. Seti kumi na moja.
Yalikuwa yanacheka yote, kila seti kicheko chake.
"Jaribu, mzee," alisema mwenye meza, "hayaumi."
Nilinunua kofia.

Ijumaa, mieleka.
Mtu mnene mwenye barakoa ya samawati, Kimbunga wa Tatu,
aliruka kutoka kamba ya juu
akakaa hewani muda wa kutosha mtu kukumbuka madeni yake.
Nilisimama juu ya kiti. Nikatukana
matusi ya ujana, ya migodini kwetu Cananea,
yakatoka mororo, yamelowa kama mkate kwenye maziwa,
na mtoto wa kiti cha mbele akageuka kumuuliza mama yake
babu huyu anaomba nini.

Na Jumamosi wazee hucheza danzón uwanjani.
Kiitikio kikirudi wote husimama,
wanawake hujipepea, wanaume hufuta shingo, mtu hangoji kitu
ila muziki umruhusu tena.
Doña Herlinda alikuwa na viatu vya kijani.
Hakuuliza jina; alinipa mkono.
Jumamosi tatu nilikaza midomo kama mkoba wa bahili,
naye akawaambia wenzake kuwa mimi ni mtu wa maana,
mtu asiyepoteza maneno.

Siku ya ishirini na tisa nikavishwa meno.
Kinywa kikajaa kama chumba kilichofikiwa na wageni.
Ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Nikaenda na kofia yangu.
"Nilitaka kukuambia," nikaanza, na yakagongana, ta!
yote ishirini na nane.
Doña Herlinda alinitazama. Akaangalia kushoto, kulia,
akainua upepeo mbele ya uso,
na nyuma yake akayatoa ya kwake, ya juu,
akanionyesha, kama mtu anayeonyesha
pasipoti mpakani.
Kisha muziki ukaturuhusu.

Kituoni, saa tano usiku, nikanunua hindi la kuchoma,
chumvi, ndimu, pilipili ya kutosha.
Basi la kaskazini lilikuwa linanguruma.
Nilianzia kushoto, mstari kwa mstari,
nikiuma taratibu, kama asomaye barua
yenye mwandiko mgumu.
Ufizi uliniuma mpaka machozi.
Tulipopita Querétaro nilikuwa bado mstari wa tatu.